Mashine yenye kusahau: kupanga kadi za rezo katika faili za kuamkia

Bandugu, leo sitaongea juu ya mbegu wala mbolea. Nitaongea juu ya kitu kimoja ambacho hakuna profesa alitufundisha kwenye fakulte ya kilimo, lakini ambacho karibu kitupotezee misimu mitatu ya kazi: namna mashine ya Unix inakumbuka, ao inasahau, anwani ya kadi yake ya rezo.

Biro ambamo nilikuwa nafanya kazi iko Bukavu, na mashamba ya majaribio yako upande wa Kabare. Kila kipimo cha maharagwe na mahindi, kuanzia tarehe ya kupanda mpaka kilo kwa parseli, kilikuwa kinaingia katika serveri moja: sanduku jeusi chini ya meza ya sekretere. Lilikuwa na Debian 7, ya kizamani sana, lakini lilikuwa linatembea na hakuna mutu aliligusa. Kijana aliyeliweka alipata kazi mahali pengine, akaondoka. Sisi tulijua anwani moja tu, 192.168.10.2. Ukiiandika kwenye ordinatere yako, takwimu zinafunguka. Basi.

Jumapili moja mvua kali ikapiga, umeme ukakatika usiku wote. Batri za akiba zilikuwa zimechoka, hazikumaliza hata saa moja. Jumatatu asubuhi umeme umerudi, sanduku linawaka, taa zinameremeta, lakini takwimu hazifunguki. Mama sekretere akanipigia simu: "Kaka Agronome, kuya uone, ile mashine yenu imekufa."

Ripoti ya mufadhili ilikuwa inangojewa Jumatano. Wakamuita mutu wa ordinatere wa pale jirani. Akaangalia dakika kumi, akasema: "Sisteme imeharibika. Tufute yote, tuweke mupya, saa kumi itakuwa tayari." Mukubwa wa biro akakubali, juu alikuwa anafikiri takwimu zinakaa "mahali fulani kwenye intaneti". Hapana. Zilikuwa ndani ya lile sanduku, na nakala ya mwisho kwenye diski ya nje ilikuwa ya zamani, kabla ya ile misimu mitatu. Fulashi ilikuwa imeisha kuchomekwa. Hapo njo niliomba: "Mukubwa, nipeni saa moja tu."

Mimi si mutaalamu. Nilianza kutumia Linux nikiwa mwaka wa pili, kwa sababu mashine yangu ilikuwa zaifu, haikuweza kubeba Windows. Nikatafuta ekra na klavye, nikazichomeka moja kwa moja kwenye serveri, nikaingia. Diski iko salama. Takwimu ziko zote. Nikaandika:

ip addr

Ikanionyesha kadi moja yenye jina eth1, iko DOWN, haina anwani hata moja. Kadi ya eth0 haiko kabisa. Halafu nikafungua faili ambayo Debian inasoma wakati inaamka, /etc/network/interfaces. Ndani yake, ukiacha mistari ya lo, kulikuwa na hii tu:

auto eth0
iface eth0 inet dhcp

Faili inaongea juu ya kadi ambayo haiko. Kadi iliyoko, faili haiijui. Sasa ile 192.168.10.2 ilikuwa inatoka wapi mwaka wote? Jibu nililikuta katika .bash_history ya root, yaani faili ambamo terminali inaweka amri ambazo mutu alipiga:

ifconfig eth1 192.168.10.2 netmask 255.255.255.0
route add default gw 192.168.10.1

Mama sekretere njo alikumbuka: radi ilipigaga siku moja, kadi ikaungua, yule kijana akanunua ingine. Akaichomeka, akapiga ile mistari miwili kwa mukono, rezo ikarudi, akaenda kwake. Miezi kumi na moja batri zilikuwa bado nzima, mashine haikuzimika hata mara moja. Kwa hiyo hakuna mutu alijua kwamba rezo yote ya biro ilikuwa inasimama juu ya mistari miwili ambayo haikuandikwa katika faili yoyote ya kuamkia.

Nikapiga mistari ile ile miwili. Takwimu zikafunguka. Mashine haikuwa imekufa, ilikuwa imesahau.

Tuelewane vizuri juu ya neno hilo, kusahau. Unapopiga ifconfig, ao ip ambayo njo ya sasa, unaongea na kerneli, ule moyo wa sisteme. Kerneli inaweka anwani katika kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo inaishi kwa umeme. Haiandiki kitu kwenye diski. Umeme ukienda, kila kitu ulichoiambia kwa mdomo kinaenda. Mashine ikiwaka tena, kerneli inaamka kama mutoto aliyezaliwa sasa: inaangalia vyombo vilivyochomekwa, inakuta kadi, inaipa jina, na inaishia hapo. Haijui anwani. Haijui modemu iko wapi. Kisha inaita programu ya kwanza, init, yenye namba 1 kati ya programu zote, na hiyo njo inaanza kusoma faili za /etc na kufanya kazi moja moja kama zilivyoandikwa. Mupangilio wa kadi unapatikana pale tu. Kama haumo ndani ya faili hizo, hauko.

Sisi watu wa kilimo tunaelewa hiyo bila shida. Unaweza kusimama shambani na kumwambia mufanyakazi, "ile parseli ya tatu weka mbegu ya aina B". Ataweka. Lakini kama hukuandika kwenye kaye na hukupanda etiketi kwenye parseli, musimu ujao nani atajua? Amri ya mukono ni maneno ya shambani. Faili ya kuamkia ni kaye.

Sasa, kaye hiyo iko wapi? Hapa njo watu wengi wanachanganyikiwa, juu kila familia ya Unix iliweka yake mahali pake. Na iko sababu.

Amri ya ifconfig ilikuja na 4.2BSD, mwaka 1983, kutoka univesite ya Berkeley kule Marekani. Zamani mistari ya ifconfig ilikuwa inaandikwa ndani kabisa ya skripti za kuamsha mashine, /etc/rc na wenzake. Inafanya kazi, lakini iko na ubaya wake: skripti ile ni programu ya wenye kutengeneza sisteme, na anwani yako ni habari yako wewe. Ukivichanganya katika faili moja, siku utaweka toleo jipya, skripti mupya inafuta ya zamani na anwani yako inaenda nayo. Kwa hiyo familia zote, polepole, zilifika kwenye wazo moja: skripti ikae kivyake, na habari za kadi zikae kivyake, katika faili ndogo ambayo skripti inaenda kusoma.

FreeBSD iliweka habari zote katika /etc/rc.conf. Mustari mumoja kwa kadi moja, namna hii:

ifconfig_em0="inet 192.168.10.2 netmask 255.255.255.0"
defaultrouter="192.168.10.1"

Iko pia faili ya /etc/defaults/rc.conf, yenye mambo ya kawaida. Ile huigusi. Unaandika tu katika yako, na yako njo inashinda. Mimi napenda sana wazo hilo: ukifungua /etc/rc.conf unaona tu kile mutu wa mahali pale aliamua, bila kelele.

OpenBSD ilichukua njia ingine, na kwangu mimi njo safi kuliko zote. Kila kadi iko na faili yake, na jina la kadi liko katika jina la faili: /etc/hostname.em0. Ndani unaandika "inet 192.168.10.2 255.255.255.0", kwisha. Anwani ya kifaa cha kutokea inakaa katika /etc/mygate. Ukitaka kuona kama faili yako ni nzuri, bila kuzima mashine, unapiga "sh /etc/netstart em0" na inasoma faili ile ile ambayo ingesoma wakati wa kuamka. Unajaribu kaye yenyewe, si maneno ya mukono.

Kwa upande wa Linux, Debian iko na /etc/network/interfaces tuliyoona. Red Hat kwa miaka mingi ilikuwa na faili moja kwa kadi moja, mufano ifcfg-eth0, ndani ya /etc/sysconfig/network-scripts. Tangu toleo la 9 inaandika katika /etc/NetworkManager/system-connections. Hapo kuna mutego: faili hizo lazima ziwe za root na zifungwe kwa wengine (ruhusa 600), la sivyo NetworkManager inazipita. Ubuntu, tangu 17.10, inatumia netplan na faili za yaml katika /etc/netplan. Kule ukiweka tabu mahali pa nafasi za kawaida, faili yote inakataliwa.

Musijaribu kukamata yote hayo kwa kichwa. Ukikuta mashine usiyoijua, swali la kwanza ni hili: ni programu gani inasimamia kadi hii? Juu ugonjwa mubaya kuliko kusahau ni kuwa na wakubwa wawili. Nilikuta ordinatere ya mwenzetu mumoja ambayo kadi yake ilikuwa imeandikwa mahali pawili, katika faili za programu mbili tofauti, kila mumoja na anwani yake. Asubuhi inaamka na hii, kesho inaamka na ile, kulingana na nani alitangulia. Debian inajaribu kuzuia hilo: kwa kawaida NetworkManager yake inaacha kadi yoyote iliyoandikwa katika /etc/network/interfaces. Lakini kinga hiyo mutu anaweza kuiondoa bila kujua. Kadi moja, musimamizi mumoja.

Narudi kwenye sanduku letu. Siku ile ile niliandika eth1 katika faili, ripoti ikaenda, na kitu cha kwanza kilichofuata kilikuwa kununua diski ya nje na kuweka nakala. Kisha tukachukua muda, tukaweka Debian ya sasa na kuongeza kadi ya pili, juu tulitaka mashine iwe na mulango wake kwenye modemu, mbali na ordinatere za biro. Hapo njo nilijifunza kupanga, siyo tu kuandika.

Faili kubwa, /etc/network/interfaces, niliiacha na vitu viwili tu: lo, ambayo ni kadi ya ndani ambayo mashine inajiongelesha yenyewe, na mustari unaosema soma kila faili iliyo katika dosye ya pembeni:

source /etc/network/interfaces.d/*

auto lo
iface lo inet loopback

Halafu kila kadi ikapata faili yake katika ile dosye. Hii ni ya upande wa biro:

# Waya wa buluu, unaenda kwenye switch ya biro.
# Anwani hii iko katika ordinatere zote. Usiibadilishe bila kuambia watu.
auto biro0
iface biro0 inet static
    address 192.168.10.2/24

Angalieni neno auto. Bila auto ao ndugu yake allow-hotplug, kadi imeelezwa vizuri lakini hakuna mutu aliyeambiwa kuiamsha. Umeandika mbegu katika kaye na hukuandika siku ya kupanda. Kwa Red Hat ya zamani ni ile ile shida na ONBOOT=no. Nimeona mutu anapoteza siku nzima pale, anwani iko sawa, kila kitu kiko sawa, na kadi imelala.

Angalieni pia kwamba faili hii haina mustari wa gateway. Gateway, yaani kifaa ambacho unapitia kwa kutoka nje, kwa mashine kama yetu ni moja tu, na iko katika faili ya kadi ya modemu. Wengi wanaandika gateway kwa kila kadi wakifikiri ni heshima kwa kadi. Mashine inajikuta na milango miwili ya kutokea, inachagua mumoja, na kama ni ule wa biro ambao hauendi popote, intaneti inapotea na unaanza kulaumu modemu.

Na nakala za zamani musiziache katika dosye ile. Mustari wetu wa source unasema "kila faili". Ukinakili biro0 kuwa biro0.zamani na kuiacha pale, nayo itasomwa, na Debian za sasa zinaunganisha habari zote za kadi moja: utajikuta na anwani mbili. Tuliweka dosye ya kumbukumbu katika /root.

Mutauliza: biro0 ni jina gani hilo? Mbona si eth0?

Jina njo kiini cha ile ajali yetu. Zamani Linux ilikuwa inaita kadi eth0, eth1, kwa kufuata mupango wa kuzikuta. Kadi mbili zikijibu kwa kupokezana, leo hii ni eth0, kesho ni eth1. Ili kuzuia hilo, Debian za wakati ule ziliandika katika faili ya udev, 70-persistent-net.rules, kwamba kadi yenye namba hii ya kiwandani (MAC) itaitwa eth0 milele. Wazo zuri. Lakini kadi ikiungua, jina linabaki limekamatwa na kadi iliyokufa, na kadi mupya inapewa eth1. Njo hivyo kabisa ilitufikia: faili ilikuwa inamungojea marehemu.

Mwaka 2013, systemd ilileta majina ya namna ingine, yanayofuata mahali kadi imekaa. Kwa mufano enp2s0: en ni Ethernet, p2 ni basi ya PCI namba 2, s0 ni nafasi yake. Debian ilianza kuyatumia kwa mashine mupya kuanzia toleo la 9. Kadi ikiungua na ukaweka ingine pale pale, jina kwa kawaida linabaki. Hiyo ni hatua kubwa. Ila ukiongeza kadi ingine ndani ya mashine, namba za basi zinaweza kusogea, na enp2s0 ikageuka enp3s0. OpenBSD na FreeBSD zenyewe zinachukua jina la dreva: em0, re0. Ukibadilisha aina ya kadi, jina linabadilika, na faili yako lazima ibadilike.

Sisi tuliamua kuipa kila kadi jina la kazi yake. Katika /etc/systemd/network kuna faili 10-biro0.link:

[Match]
MACAddress=02:00:00:aa:bb:01

[Link]
Name=biro0

(Namba hiyo ni ya mufano, mutaweka ya kadi yenu, inaonekana katika ip link.) Kwa Debian, baada ya kuandika faili hiyo unapiga update-initramfs -u, kwa sababu majina yanatolewa mapema sana, kabla hata diski kubwa haijafunguliwa. Siku kadi itaungua, na kwa radi za kwetu itaungua, mutu atabadilisha mustari mumoja wa MAC katika faili hii na hatagusa kitu kingine. Faili ya anwani, ukuta wa moto, programu ya takwimu, zote zinaongea juu ya biro0 na zitaendelea.

Kuna kitu kingine ambacho faili nzuri peke yake haitengenezi: nani anaamka kwanza. Tulikuwa tumeambia PostgreSQL isikilize 192.168.10.2 tu. Kama inaamka kabla kadi haijapata anwani hiyo, inatafuta mahali pa kukaa, haioni, inakufa. Baadaye anwani inafika, lakini mwenye nyumba ameisha kwenda. Katika BSD, jambo hilo linaandikwa juu ya kila skripti: mustari wa PROVIDE unasema mimi natoa nini, REQUIRE unasema mimi nangojea nani, na programu ya rcorder inasoma yote na kutoa mupangilio wa foleni. NetBSD ilianza hivyo na toleo la 1.5, mwaka 2000, na FreeBSD ikafuata na 5.0. Katika systemd, musidanganywe na jina la network.target. Linamaanisha tu kwamba wasimamizi wa rezo wameanza kazi, siyo kwamba kadi iko na anwani. Anayetaka kungojea anwani kweli atumie network-online.target, katika After na katika Wants, yote mawili.

Sasa kujaribu. Hapa naomba mukae chini kidogo, juu makosa ya hapa yanakula nauli.

Ukiwa mbali na unaongea na mashine kwa ssh, unabadilisha mupangilio wa kadi ile ile ambayo sauti yako inapitia. Umekaa kwenye tawi na unalikata. Kosa moja la namba, kimya. Kutoka Kabare mpaka Bukavu na pikipiki wakati wa mvua, kwa kosa la namba moja, mimi nililipa mara moja na inatosha.

Tangu siku ile nafanya hivi. Kwanza natega saa:

shutdown -r +10

Yaani mashine itajizima na kuwaka tena baada ya dakika kumi. Halafu napiga badiliko kwa mukono, kwa amri ya ip, bila kugusa faili. Nikikosea na kupotea, sina shida: dakika kumi zinapita, mashine inawaka, na inasoma faili za zamani ambazo sikuzigusa. Kule kusahau kulikotuumiza sasa kunaniokoa. Kama badiliko ni zuri na bado naongea na mashine, nasimamisha saa kwa shutdown -c, na sasa njo naandika katika faili. Wenye netplan muko na bahati, munayo amri ya netplan try: inaweka badiliko, inangojea sekunde 120 ukubali, na usipokubali inarudisha ya zamani.

Lakini hayo ni majaribio ya badiliko. Faili ya kuamkia inajaribiwa kwa kuamka tu. Ping kujibu leo haisemi kitu juu ya kesho. Ile ya yule kijana ilijibu miezi kumi na moja. Ijumaa moja jioni, watu wameenda, nikiwa na ekra na klavye karibu, nilimuomba sentineli azime umeme wa chumba. Akaniangalia kama mutu ambaye ameanza kuugua kichwa. Nilikuwa nimeisha kusimamisha PostgreSQL na nakala ilikuwa kwenye diski ya nje, hiyo ni lazima kabla ya muchezo kama huu. Akazima, akawasha.

Mara ya kwanza biro0 ilirudi, takwimu zikafunguka. Lakini mashine ilichukua karibu dakika tano kumaliza kuamka, na kwenye ekra kulikuwa na maneno haya tu: Raise network interfaces. Kumbe kadi ya modemu, nje0, niliiandika kwa dhcp, yaani iombe anwani kwa modemu. Modemu nayo ilikuwa imezimika na inaamka polepole kuliko serveri, na siku ile ilichelewa kabisa kutafuta rezo ya simu. Serveri ilikuwa inasimama mulangoni inaomba anwani kwa mutu ambaye bado analala, na nyuma yake foleni yote inangojea. Siku za kawaida huwezi kuona hilo, juu siku za kawaida modemu imeisha kuamka.

Nikabadilisha faili ya nje0:

# Waya mweupe, unaenda kwenye modemu. Gateway iko hapa TU.
auto nje0
iface nje0 inet static
    address 192.168.8.2/24
    gateway 192.168.8.1

Mara ya pili sentineli alizima mwenyewe bila kuombwa, alikuwa ameanza kufurahia. Dakika moja, kadi zote mbili ziko juu. Ila sasa ping ya 1.1.1.1 inajibu na majina hayajibu, hakuna tovuti inafunguka. Ukitumia dhcp, modemu inakuletea pia anwani ya DNS, na inaandikwa katika /etc/resolv.conf bila wewe kujua. Ukihamia static, hiyo ni kazi yako. Watu wanaongeza mustari wa dns-nameservers katika faili ya kadi na wanashangaa haufanyi kitu: mustari huo unasomwa kama umeweka programu ya resolvconf, bila hiyo unapitwa tu. Niliandika "nameserver 192.168.8.1" katika /etc/resolv.conf moja kwa moja.

Mara ya tatu yote yalirudi: biro0, nje0, majina, takwimu. Ilikuwa saa moja ya usiku. Nilichapa zile faili nne, mbili za kadi na mbili za majina, kwenye karatasi moja, nikaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku, pamoja na rangi za waya na tarehe ya lile jaribio.